Barua ya wazi kwa viongozi wa riadha: mkitaja ulinzi wa wanawake, walindeni wanawake wenyewe

Kwa Baraza la Shirikisho la Riadha Duniani. Kwa Kamati Kuu ya Shirikisho la Riadha Kenya, Riadha House, Nairobi. Na kwa viongozi wa mashirikisho ya riadha ya Uganda, Burundi na Tanzania.

Waheshimiwa,

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushiriki mashindano ya dunia ya riadha hana budi kwanza kupimwa jeni ya SRY, ile ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y na kuanzisha ukuaji wa kiume, mara moja katika maisha yake ya uanariadha, ama kwa kijiti cha pamba kinachopitishwa ndani ya shavu, ama kwa damu. Baraza la dunia lilipitisha kanuni hiyo, na kazi ya kuisimamia ikakabidhiwa mashirikisho ya nchi. Hivyo jambo lililotungwa na wakubwa wenye makao yao Monaco linatekelezwa Eldoret, Kampala na Bujumbura, juu ya miili ya wasichana ambao baadhi yao hawajawahi kuketi mbele ya daktari wa wanawake hata siku moja. Ninawaandikia kuhusu miili hiyo.

Ni haki yenu kujua kwanza ninaposimama, kwa sababu mjadala huu umejaa watu wanaoficha msimamo wao nyuma ya maneno laini. Mimi ni mfeministi wa mkondo wa kiradikali, mkondo unaoshikilia kwamba mzizi wa kuonewa kwa mwanamke ni mwili wake wa kike: mwili unaokeketwa, unaoozwa kabla ya wakati, unaozaa na kulea bila malipo, na unaonyimwa urithi wa shamba mara tu ndugu wa kiume wanapoketi kugawana. Kwa kuwa ninaamini hivyo, sikubali hoja kwamba utambulisho wa kijinsia peke yake utoshe kumwingiza mtu katika mbio za wanawake, na mlipoamua mwezi Machi 2023 kwamba wanawake waliobadili jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume hawatashindana katika kitengo hicho kimataifa, niliona mmeamua sawa. Nasema vilevile, na kwa uzito uleule, kwamba watu hao wana haki ya heshima, ya usalama na ya mahali pa kuchezea, na kwamba katika nchi zetu, ambamo wengi wao huishi kwa kujificha, simpi yeyote ruhusa ya kuyachukua maneno yangu na kuyafanya fimbo ya kuwapigia.

Kitengo cha wanawake ninakitetea kwa sababu ninajua kilivyopatikana. Mbio za mita 800 kwa wanawake ziliingizwa katika Olimpiki mwaka 1928, zikaondolewa kwa madai kwamba mwili wa mwanamke hauzihimili, na hazikurudi hadi mwaka 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri hadi mwaka 1984, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji hadi mwaka 2008. Huku kwetu Sabina Chebichi alileta nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Christchurch mwaka 1974, akiwa Mkenya wa kwanza mwanamke kupata nishani ya Jumuiya ya Madola. Pauline Konga akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Atlanta mwaka 1996. Na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke wa Kenya, ile ya Pamela Jelimo, ilikuja mwaka 2008 tu. Tazameni sasa mashindano ya dunia ya Tokyo ya mwaka 2025. Kenya ilipata dhahabu saba, na sita kati yake zililetwa na wanawake: Beatrice Chebet mbili, na Faith Kipyegon, Lilian Odira, Faith Cherotich na Peres Jepchirchir moja moja. Kusingekuwa na mbio za wanawake peke yao, hakuna hata mmoja wao ambaye tungelijua jina lake. Rekodi ya dunia ya David Rudisha ya mita 800 ni dakika 1 na sekunde 40.91, ile ya wanawake, iliyowekwa na Jarmila Kratochvílová mwaka 1983, ni dakika 1 na sekunde 53.28. Pengo hilo la zaidi ya sekunde kumi na mbili haliondoki kwa mazoezi wala kwa moyo mkuu, na anayedai kwamba halipo anawadhulumu wanawake.

Kwa hiyo, waheshimiwa, siwaandikii kama adui wa mpaka huo. Ninawaandikia kwa sababu mmeichukua hoja yetu, hoja ya kwamba mwili wa mwanamke una maana, mkaitumia langoni peke yake, na mkishamtoa mtu nje ya lango hamwulizi tena mwili huo umepatwa na nini.

Mjadala wa utambulisho wa kijinsia umepamba moto London, Edinburgh na New York. Huko mahakama zimetoa hukumu, kama ile ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya tarehe 16 Aprili 2025 iliyotamka kwamba mwanamke katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ni mwanamke kwa maumbile ya kuzaliwa, na huko ndiko wafeministi wenzangu na wapinzani wao wanakozungumza hadi usiku wa manane. Lakini mliopitisha uamuzi wa Machi 2023 mlikiri wenyewe, kwa kinywa cha Rais wenu Sebastian Coe, kwamba wakati ule hapakuwa na mwanariadha hata mmoja aliyebadili jinsia aliyekuwa akishindana kimataifa. Siku hiyohiyo mlishusha kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume, kilichoruhusiwa kwa wanawake waliozaliwa na tofauti za ukuaji wa kijinsia, yaani ambao kromosomu au homoni zao hazifuati mfumo wa kawaida wa kike, kutoka nanomoli 5 hadi 2.5 kwa lita, na mkakieneza katika mbio zote, wakati awali kiliwahusu wa mita 400 hadi maili moja. Sentensi ya kwanza haikumgusa mtu uwanjani. Ya pili iliwagusa watu wenye majina, na wengi wa wale tunaowajua ni Waafrika.

Wanawake watatu waliopanda jukwaani Rio tarehe 20 Agosti 2016 baada ya fainali ya mita 800 walikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna kati yao aliyebadili jinsia. Walizaliwa wakaitwa wasichana, wakalelewa kama wasichana, wakateka maji na kusuka nywele kama wasichana, na tofauti iliyo ndani ya miili yao ni jambo la kuzaliwa nalo ambalo hawakulichagua. Kuwaweka katika kapu moja na mjadala wa utambulisho ni kosa la kufikiri, na wanaolifanya wako pande zote mbili, nikiwahesabu na baadhi ya wafeministi wa mkondo wangu ambao wamemwita Semenya mwanamume hadharani kwa ukali ambao hawangeuthubutu mbele ya mama yake. Inawezekana kusema kwamba faida ya testosteroni ni ya kweli na kwamba mashindano yanahitaji mpaka. Mimi nasema hivyo. Haiwezekani kusema hivyo kisha ukamtendea binti aliyeangukia upande wa pili wa mpaka kana kwamba alikuja kuiba.

Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Kanuni ya mwaka 2023 ikamfuata huko nako. Wambui alipendekeza waundiwe kitengo chao ili wapate pa kukimbilia, na pendekezo hilo halikupewa jibu linaloeleweka. Semenya alikwenda mahakamani. Mei 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikiri kwamba kanuni zenu zinabagua, ikazipitisha kwa hoja kwamba ubaguzi huo ni wa lazima. Na tarehe 10 Julai 2025 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya likaamua, kwa kura 15 dhidi ya 2, kwamba mahakama ya Uswisi haikumsikiliza kwa haki. Alikimbia miaka sita ya ujana wake ndani ya majengo ya mawakili. Naomba msome hukumu hiyo kama onyo kwa mashirikisho yote: hata mwenye kanuni sahihi anaweza kumnyima mtu haki kwa namna anavyoitekeleza.

Annet Negesa wa Uganda ndiye anayeninyima usingizi. Alikuwa bingwa wa mita 1,500 wa Michezo ya Afrika mwaka 2011, akaondolewa katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa sababu ya homoni, na mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji jijini Kampala ambao, kama alivyoeleza hadharani mwaka 2019, hakuuelewa vyema kabla ya kuzinduka na kujikuta na makovu. Shirikisho la dunia lilikanusha kwamba lilishauri upasuaji huo. Sina njia ya kuamua nani alimwambia nini, lakini najua kwamba mwanamke huyu aliingia katika mfumo wenu akiwa mzima na mwenye afya, akatoka akiwa na mwili uliopunguzwa, mbio zake zikaisha, na leo anaishi Ujerumani alikopewa hifadhi.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha katika jarida la kitaalamu la homoni habari za wanariadha wanne, wenye umri kati ya miaka 18 na 21, waliotoka katika vijiji vya milimani vya nchi zinazoendelea. Wanne hao waliondolewa tezi zilizokuwa zikitoa testosteroni, ingawa madaktari wenyewe waliandika kwamba kuziacha hakukuwa na hatari kwa afya zao. Na pamoja na hilo walikatwa sehemu ya kinembe. Naomba mrudie sentensi hiyo polepole. Kinembe hakimfanyi mtu akimbie haraka. Katika nchi yangu, chini ya Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011, mama mzee wa kijijini anayefanya hivyo kwa wembe hupelekwa jela, na ni sawa apelekwe. Wanawake wa Bonde la Ufa wamepigana kwa miaka mingi ili mabinti wasikatwe. Wapo waliotoroka makwao usiku kwa ajili hiyo, na wapo waliopata katika riadha njia ya kutoka. Halafu riadha hiyohiyo, kwa mkono wa wataalamu waliovaa koti jeupe, inawafanyia mabinti wengine wa milimani jambo ambalo tunalipigania lisifanyike, na linaandikwa katika jarida kama tiba. Ufeministi wangu hauwezi kuwa na kipimo kimoja kwa ngariba na kingine kwa daktari wa upasuaji.

Mnasema kipimo cha sasa ni chepesi, kijiti cha pamba tu, na kwamba zama za aibu zimepita. Ni kweli kwamba ni chepesi kuliko mwaka 1966, wanawake walipoagizwa kuvua nguo mbele ya madaktari katika mashindano ya Ulaya mjini Budapest. Lakini kipimo cha kromosomu kilichofuata, kilichotumika katika Olimpiki kuanzia Mexico 1968, nacho kilisifiwa kwa wepesi. Mwaka 1985 kilimwangusha María José Martínez-Patiño wa Uhispania, mwanamke ambaye mwili wake hauitikii testosteroni, hivyo hakufaidika nayo hata kidogo. Habari zake zikavuja, akapoteza ufadhili, mataji na mchumba, na ikamchukua hadi mwaka 1988 kurudishiwa haki yake. Atlanta mwaka 1996, wanawake 3,387 walipimwa, wanane majibu yao yakaonyesha tofauti, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Ndipo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaviacha vipimo hivyo mwaka 1999. Andrew Sinclair, mmoja wa wanasayansi waliogundua jeni ya SRY mwaka 1990, amesema mwaka 2025 kwamba kuitumia hivi ni makosa, kwa kuwa kipimo kinaonyesha tu kwamba jeni ipo, wala hakielezi kama inafanya kazi na mwili unaitikiaje, na kwamba hata chembe ya ngozi ya fundi mwanamume wa maabara inaweza kuchafua sampuli na kuleta jibu la uongo. Kanuni yenu yenyewe inawaruhusu wale ambao miili yao haiitikii testosteroni kabisa. Basi jibu la jeni ni mwanzo wa uchunguzi, na binti hapaswi kuondolewa kambini siku linapofika.

Mimi ninakubali kipimo kama hatua ya kwanza. Sikubali kitekelezwe kwa namna ambayo mambo yetu hutekelezwa mara nyingi, yaani kwa simu kutoka kwa kocha, gari linalosubiri, na karatasi ya Kiingereza isiyosomwa kabla ya kutiwa sahihi. Mwaka 2019 wakimbiaji wetu waliondolewa katika timu ya kupokezana vijiti kwa sababu ya homoni, na majina yao yakachapishwa magazetini pamoja na sababu. Mtu yeyote anayejua maisha ya kijijini anajua gazeti hilo lilivyofika kwao kabla ya msichana mwenyewe hajafika: kwa mchumba, kwa kanisa, kwa watoto wa jirani. Tangu mwaka huohuo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, inayozihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Shirikisho letu linaposhika majibu ya SRY ya kila msichana wa timu ya taifa, linashika taarifa hizo, na bado sisi tusio ndani ya ofisi hizo hatujaelezwa nani anazifungua, zinahifadhiwa wapi, na anayezivujisha atashtakiwa na nani.

Naomba mchapishe utaratibu huo, kwa Kiswahili, kabla ya mchujo wa kitaifa unaofuata. Uonyeshe kwamba msichana ataelezwa kipimo ni nini na mwanamke aliyefunzwa kazi ya unasihi, akiwa na mzazi au mtu anayemwamini, na kama hajafikisha miaka 18 asipimwe kabisa isipokuwa pale ambapo mashindano hayana njia nyingine. Uonyeshe kwamba jibu lisilotarajiwa litarudiwa katika maabara nyingine na kufuatiwa na daktari bingwa wa homoni kwa gharama yenu, na kwamba muda wa maabara hautakuwa adhabu kwa mwanariadha. Septemba 2025 mabondia wanawake wa Ufaransa walizuiwa kushiriki mashindano ya dunia ya Liverpool kwa sababu tu majibu ya jeni yalichelewa, na kama Ufaransa ilishindwa, msitarajie miujiza Kapsabet. Na uandikwe waziwazi kwamba hakuna afisa, kocha wala wakala atakayemshauri mwanariadha mwenye afya afanyiwe upasuaji au anywe dawa ili aruhusiwe kukimbia. Hapa sitaki lugha ya tahadhari. Nataka katazo lenye adhabu.

Wale mtakaowatoa, nao ni wenu. Walibeba bendera, waliwaletea ninyi posho za safari na picha za kupiga na wanasiasa, na wengi wanalisha nyumba zaidi ya moja. Kenya iliwahesabu watu huntha, yaani waliozaliwa na tofauti hizo za kijinsia, katika sensa ya mwaka 2019, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua watoto huntha. Haiwezekani dola iwatambue kwenye karatasi kisha riadha iwatupe barabarani bila pensheni, bila masomo, bila kazi ya ukocha, bila hata barua ya shukrani. Pendekezo la Wambui la kitengo cha peke yao lina matatizo yake, ikiwemo kwamba kukimbia humo ni kujitangaza, lakini lijadiliwe na wenyewe wakiwa mezani.

Jambo la mwisho ndilo linalonipa uchungu zaidi ninaposikia neno ulinzi. Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 25, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee. Damaris Mutua aliuawa mjini humohumo Aprili 2022. Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Trans-Nzoia na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake, akafariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Familia yake ilieleza kwamba kulikuwa na ugomvi juu ya shamba alilolinunua kwa jasho lake. Hakuna kati ya wanawake hawa aliyedhuriwa na mwanariadha mwenzake mwenye testosteroni nyingi. Waliotuhumiwa kuwadhuru ni wanaume waliokuwa karibu nao, katika maeneo ambako kila kocha na kila wakala anajua nani anampiga nani na akaunti ya benki ya nani ina sahihi ya mume.

Mmeweza, kwa muda wa wiki chache, kuhakikisha kwamba karibu kila mwanamke aliyepanda ndege kwenda Tokyo amepimwa jeni. Mlipata maabara, fedha, fomu na maafisa. Basi uwezo mnao. Kwa uwezo huohuo andikisheni kila kambi na kila kocha, mfungieni maisha anayemlaza msichana kwa ahadi ya kumweka timu, mhakikishe kwamba tuzo inalipwa kwenye akaunti ambayo mwanariadha mwenyewe pekee ndiye mwenye sahihi yake, na mweke Iten, Eldoret na Kapchorwa ofisi ambayo mwanamke anaweza kuiendea usiku akiwa amepigwa, akafunguliwa mlango na mwanamke.

Ninaomba majibu yenu kwa maandishi, na ninaomba utaratibu wa kipimo uchapishwe pamoja na majina ya wanaowajibika.

Wenu katika riadha,

Mfeministi, Eldoret